Somo la kesho lipitie kwanza nyumbani

Ukimpokea nyumbani mgeni wa nje anayejitolea kufundisha sekondari, kama tunavyowapokea hapa Mikindani, Mtwara, mwombe kila jioni amfundishe mtoto wa kidato cha kwanza somo la kesho, dakika chache tu, kisha mtoto alieleze kwa Kiswahili. Msingi alisomeshwa kwa Kiswahili, sekondari ghafla ni Kiingereza. Anapokwama mtoto huyu, mgeni ajue wengi darasani watakwama hapohapo. Asiulizwe "umeelewa?", ataitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Afanye: kama ni hesabu za sehemu, agawe korosho mkekani. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, msimlazimishe. Mtoto aliyeshinda shambani akiokota husinzia juu ya daftari, na hapo hutapata jibu la kweli.