Kumwanzishia mtoto lishe ya ketojeni wodini

Lishe hii, yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana ili mwili uunguze mafuta na kutoa ketoni badala ya kutegemea sukari, ni tiba ya kifafa kilichogoma kutulia baada ya dawa mbili zilizochaguliwa na kutumiwa ipasavyo. Kwa mtoto mwenye upungufu wa GLUT1, protini inayopeleka sukari kwenye ubongo, ndiyo tiba ya kwanza. Haianzishwi nyumbani. Mtoto hulazwa siku nne au tano kwa sababu sukari ya damu inaweza kushuka, na kwa sababu mzazi lazima aizoee mizani ya kupimia chakula.

Kwanza vipimo. Mtoto mwenye hitilafu ya kuunguza mafuta mwilini, upungufu wa kuzaliwa nao wa karnitini (inayosafirisha mafuta ndani ya seli yakaunguzwe), upungufu wa kimeng'enya cha pairuveti kaboksilesi (kinachosaidia mwili kujitengenezea sukari) au pofiria (ugonjwa wa kurithi wa utengenezaji wa hemu ya damu) hapewi lishe hii kabisa: kumnyima wanga kunaweza kumuua. Kipimo kisipopatikana hapo hospitalini, sampuli ipelekwe kunakopimwa. Pima pia figo, ini, mafuta ya damu, kalsiamu na bikaboneti (inayoonyesha kama asidi imezidi mwilini), hasa kama anameza topirameti ya kifafa, maana dawa hiyo nayo huongeza asidi na mawe ya figo.

Hesabu ni hii. Uwiano wa 4:1 maana yake gramu 4 za mafuta kwa gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja. Kila fungu la gramu hizo tano lina kalori 36 za mafuta na 4 za hivyo vingine, jumla 40. Mtoto wa kilo 15 aliyepangiwa kalori 1,000 anapata mafungu 25 kwa siku: mafuta gramu 100, protini na wanga gramu 25. Protini ni gramu 1 kwa kilo, yaani 15. Wanga unabaki gramu 10 tu. Gawa kwa milo mitatu. Mlo mmoja unaweza kuwa yai lililopigwa gramu 28, krimu yenye mafuta asilimia 36 gramu 50, siagi gramu 16 na nyanya gramu 55. Kopo la krimu likibadilika, soma kibandiko na upige hesabu upya. Mizani ionyeshe hadi gramu 0.1, na siagi iliyobaki kwenye bakuli ikwanguliwe yote iliwe, maana ikibaki, uwiano umeharibika.

Siku ya kwanza anza na 1:1, kisha 2:1, 3:1 na 4:1, siku moja kila hatua. Kumnyima mtoto chakula kwanza, kama ilivyozoeleka zamani, si lazima. Walio chini ya miaka miwili kwa kawaida huishia 3:1. Pima sukari kila saa sita, na mara nyingi zaidi kwa mtoto mchanga. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, au mtoto anatoka jasho na kulegea, mpe juisi ya machungwa mililita 30 na upime tena baada ya dakika 15. Akizimia au akishindwa kumeza, apewe glukosi ya mshipani mara moja. Hapo lishe isubiri. Ketoni za damu zinazotafutwa ni kati ya milimoli 4 na 6 kwa lita. Akihema harakaharaka, uso ukiwa mwekundu na akitapika, huenda zimezidi: juisi ileile, na daktari aitwe.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni sukari ya wodini. Dripu ya deksitrosi asilimia 5, mililita 500, ina glukosi gramu 25, zaidi ya mara mbili ya wanga wake wa siku nzima. Asiyekuwa na sukari ya chini awekewe dripu ya chumvi. Lita moja ya ORS, maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuharisha, ina glukosi gramu 13.5, hivyo akiharisha kiasi kipangwe na daktari, wala asiachwe akaukiwe maji. Dawa za maji nyingi zina sukari. Mfamasia abadilishe ziwe vidonge vya kusaga, lakini vile vya kutoa dawa polepole havisagwi. Dozi za dawa za kifafa hazipunguzwi wiki hiyo.

Choo kigumu ni karibu uhakika, basi maji yasipungue. Multivitamini isiyo na sukari, kalsiamu na vitamini D ni za kila siku, kwa sababu chakula hiki hakitoshelezi. Potasiamu sitreti hulinda figo.

Asiruhusiwe kutoka kabla mzazi hajapima na kupika mlo mzima mwenyewe huku mtaalamu wa lishe akitazama. Aondoke na barua ya dharura iliyogongwa muhuri, inayoeleza lishe, kukataza dripu ya sukari isipokuwa sukari imeshuka, na kutaja namba ya kupiga usiku. Vipimo vya damu virudiwe baada ya mwezi mmoja. Kama lishe inafaa au haifai kutuliza degedege, uamuzi ni baada ya miezi mitatu.