Kuacha sigara: plasta, bigijii na siku tatu ngumu

Arosto ya sigara hupanda kileleni siku ya 2 na ya 3, kisha hushuka taratibu kwa wiki 2 hadi 4. Basi chagua tarehe ambayo siku hizo zitakukuta umetulia. Usiku wa kuamkia siku hiyo tupa pakiti, kiberiti, kibakuli cha majivu na kile kipisi ulichosahau kwenye koti.

Kipimo cha dawa, yaani plasta na bigijii zinazokupa nikotini bila moshi, ndipo wengi wanapokosea: wanatumia kidogo mno, halafu wanajilaumu. Ukivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, plasta ya nikotini huanzia miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Bandika asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku mahali tofauti. Ukianza kuota ndoto za ajabu, ibandue kabla ya kulala.

Plasta ikiambatana na bigijii ya nikotini hufanya kazi vizuri kuliko ikiwa peke yake. Ukiwasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, chukua bigijii ya miligramu 4. Ukichelewa zaidi ya hapo, 2 inatosha. Itafune polepole mpaka mdomo uwashe kama umeonja pilipili, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi. Muwasho ukiisha, tafuna tena. Hivyo hivyo kwa nusu saa. Ukiitafuna harakaharaka kama ya watoto, nikotini inakwenda tumboni na mate: unapata kwikwi na kiungulia, hamu iko palepale. Usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla, kwa kuwa asidi huzuia nikotini kupenya mdomoni.

Mjamzito, mgonjwa wa moyo au anayetumia theofilini (dawa ya pumu) aongee na daktari kwanza.

Kahawa nayo ipunguze nusu. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini upesi. Ukiacha, vikombe vilevile vinakukosesha usingizi na kukutetemesha mikono, nawe unadhani ni arosto.

Hamu ikija, hudumu dakika chache tu. Toka nje, piga mswaki, kunywa maji.

Mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20, na kaboni monoksidi, gesi yenye sumu iliyomo kwenye moshi wa sigara, huisha kwenye damu ndani ya siku chache. Kikohozi kinaweza kuzidi mwanzoni: vinyweleo vya njia ya hewa vimeanza kufagia uchafu tena. Mwaka 1 baadaye, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ni kama nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo inafikia kama nusu.

Ukiteleza ukavuta pafu moja, usibandue plasta. Zima sigara, tupa pakiti, endelea na ratiba ileile.