Somo: Kuvua trauti wa madoa kwenye ghuba ya Galveston, kwa tuliozoea kuhesabu bamvua

Wadau wa Texas, hasa mliotoka Tanga, Mombasa na Unguja, hili ndilo somo mlilokuwa mkiniomba. Samaki tunayemzungumzia ni yule wa rangi ya fedha mwenye madoa meusi mgongoni, Cynoscion nebulosus. Hana udugu na trauti wa mito ya milimani. Ninazungumzia siku moja ya kuvua kwa miguu, bila boti, Oktoba au Novemba, upande wa ndani wa kisiwa cha Galveston.

Hatua ya 1: Leseni. Ukiwa na miaka 17 au zaidi unahitaji leseni ya Texas yenye kibali cha maji chumvi. Mwaka wa leseni huisha 31 Agosti, kwa hiyo angalia tarehe kabla hujatoka nyumbani. Tangu 2024 unaruhusiwa samaki 3 kwa siku, wa inchi 15 hadi 20. Baridi ya Februari 2021 iliua samaki wasiopungua milioni 3.8 kwenye pwani ya Texas, na trauti walichelewa kurudi walivyokuwa. Usinung'unike, pima samaki wako.

Hatua ya 2: Vifaa. Rodi ya futi 7, rili ndogo, mshipi wa ratili 10 au 15. Funga boya lenye shanga zinazogonga, chini yake futi 2 au 3 za mshipi wa florokaboni wa ratili 20, kisha ndoana. Chambo ni kamba hai kutoka vibanda vya kando ya bahari. Mtunge chini ya pembe ya kichwa bila kugusa lile doa jeusi, maana ukilitoboa anakufa hapo hapo na kamba mfu anawafaa hongwe tu.

Hatua ya 3: Soma upepo. Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Kwetu mvuvi huangalia mwezi: bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) ina mambo yake, maji mafu (yale madogo ya nusu mwezi) nayo yana yake, na Dar es Salaam bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Galveston tofauti ya kujaa na kupwa ni kama nusu mita, na kuna siku maji hujaa mara moja tu kutwa. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho, upepo humshinda mwezi. Upepo wa kusini mashariki ukivuma siku kadhaa huingiza maji ya Ghuba ya Meksiko na kuyapandisha hadi kwenye majani ya kinamasi. Baridi ya kaskazini ikishuka, upepo hugeuka ghafla na kuyasukuma yale maji nje, hata kama jedwali la kujaa na kupwa linasema yanajaa.

Na hiyo ndiyo bahati ya msimu huu. Maji yakitoka kinamasini hutoka na kamba waliokulia humo tangu kiangazi, na trauti huwasubiri kwenye midomo ya hori. Mimi napenda siku moja au mbili kabla baridi haijafika. Siku yenyewe ya upepo mkali nabaki nyumbani, maji ni matope na samaki haoni kitu. Ikishatulia, narudi midomo ya hori maji yakiendelea kutoka. Kama maji yamesimama kabisa, kunywa chai, usichoshe mkono.

Hatua ya 4: Tafuta dalili. Shakwe wakizunguka na kudumbukia mahali pamoja, chini yao trauti wanawapandisha kamba juu. Tazama pia mkizi, maana huyu ni yule yule wa kwetu: akiruka mmoja mmoja kwa raha zake, si kitu, lakini kundi likitawanyika kwa hofu, rusha hapo haraka. Dalili ya tatu wageni hawaiamini: utando wa mafuta juu ya maji, unaonukia tikiti maji. Trauti akila akashiba hutapika, na mafuta ya alichokula hupanda juu. Utando mdogo ndio mpya. Mkubwa umeshapeperushwa mbali na samaki.

Hatua ya 5: Rusha juu ya mkondo, kando ya matuta ya chaza. Vuta boya kwa kishindo mara mbili, liache litulie, hesabu hadi kumi, rudia. Boya likizama kaza mshipi taratibu. Mdomo wake ni laini kama karatasi iliyolowa, ukivuta kwa hasira unachanika na ndoana inachomoka.

Hatua ya 6: Barafu papo hapo. Nyama yake haina subira.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mdau wa Katy): Mkuu, vipi kuhusu taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani? Naogopa kuingia majini.

Jibu: Wapo wengi. Usiinue miguu, iburute mchangani, naye atasikia na kuondoka. Ukichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, uende hospitali. Mwenye kidonda kibichi au ugonjwa wa ini asiingie kabisa, maji ya joto yana bakteria wa vibrio.

Swali (dada wa Houston): Kaka, nilipasua minofu nikakuta minyoo mirefu myeupe. Nimetupa samaki mzima!

Jibu: Pole dada, umetupa kitoweo. Hao ni viluwiluwi vya tegu ambaye makao yake ya mwisho ni papa, hamdhuru binadamu. Watoe kwa ncha ya kisu, pika hadi aive.

Swali (mdau wa Mombasa): Anafaa kwa samaki wa kupaka?

Jibu: Nyama yake huvunjika, ukimgeuza juu ya makaa utabaki na vipande. Mkaange, au mweke kwenye tui mwishoni kabisa usimkoroge.

Swali (mdau wa Dallas): Naweza kutumia kimia (wavu wa kurusha) kutafuta chambo?

Jibu: Ndiyo, kwa mkizi wadogo na kamba, kipenyo kisizidi futi 14. Trauti akinaswa humo mrudishe, huyo huvuliwa kwa ndoana tu.