Somo: Kutembelea Washington, DC kwa bajeti ya kubana

Wakuu, wengi wetu tukipata viza ya Marekani akili yote hukimbilia New York. Kwa mwenye hela ya mawazo, nashauri aanzie Washington. Vitu vya kuona pale karibu vyote ni bure, tena unaingia ndani kabisa. Hela yako inabaki na kazi mbili kubwa: kulala na kula.

Hatua ya 1: Malazi
Usihangaike kutafuta hoteli jirani na Ikulu yao. Tafuta unayoweza kutembea kwa miguu kutoka kituo cha treni ya Metro, hata ikiwa ng'ambo ya mto Potomac kule Arlington au Alexandria, au Silver Spring upande wa Maryland. Bei unayoiona kwanza mtandaoni mara nyingi haina kodi, kwa hiyo fika hadi ukurasa wa kulipia ndipo ulinganishe. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili miti ya cheri waliyopewa na jiji la Tokyo mwaka 1912 huchanua, watu hufurika na vyumba hupanda bei. Januari na Februari ni nafuu, ila beba koti la maana.

Hatua ya 2: Kutoka uwanja wa ndege
Anayekuja na Ethiopian kutoka Addis Ababa atashukia Dulles, mbali kidogo na mji. Achana na teksi. Tangu Novemba 2022 Metro inafika hapo hapo uwanjani, ni ile njia ya rangi ya fedha. Nauli siku za kazi haifiki dola 7, na wikiendi ni kama dola 2 na nusu. Gusisha kadi yako ya benki kwenye geti unapoingia, na uguse kadi ile ile unapotoka, maana nauli inahesabiwa kwa umbali. Kila mtu awe na kadi yake. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, wenye haraka wapite kushoto.

Ukiandika anwani, usiache herufi za mwisho: NW, NE, SW au SE. Mji umegawanywa pande nne kuanzia jengo la Bunge, na jina moja la mtaa linaweza kuwepo pande zote. Ukikosea herufi hizo mbili utajikuta upande mwingine kabisa wa mji.

Hatua ya 3: Makumbusho
Hapa ndipo penyewe. Taasisi ya Smithsonian iliundwa mwaka 1846 kwa urithi wa Mwingereza James Smithson, ambaye hakuwahi hata kukanyaga Marekani. Makumbusho yake mengi yamepangana kwenye uwanja mrefu uitwao National Mall, na kwa kawaida hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, kila siku isipokuwa Krismasi. Angalizo: serikali yao ikikwama kupitisha bajeti milango inaweza kufungwa, kama ilivyotokea Oktoba 2025. Fuatilia habari kabla ya kusafiri.

Ukiwa na siku moja tu, nakuomba uipe makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa Septemba 2016. Msanifu wake mkuu, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam kwa wazazi wa Ghana. Ziara inaanzia chini ya ardhi: lifti inakushusha hadi karne ya 15, kisha unapanda taratibu kupitia utumwa, vita na ubaguzi. Kuna behewa zima la treni la enzi za ubaguzi, unapita ndani yake na kujionea mahali pa weupe na mahali pa weusi. Jipe saa nne, usiende mbio mbio. Tiketi ni bure lakini ina muda maalumu, ichukue mtandaoni mapema. Ukikosa, kuna za siku hiyo hiyo zinazotolewa saa 2:15 asubuhi.

Jioni nenda kwenye mnara wa Lincoln, uko wazi saa 24. Unapopanda ngazi angalia chini: pale aliposimama Martin Luther King kuhutubia tarehe 28 Agosti 1963 pamechongwa maandishi kwenye jiwe. Wengi wanayakanyaga bila kujua. Mwaga maji kidogo juu yake, herufi zinajitokeza.

Hatua ya 4: Chakula
Migahawa ya ndani ya makumbusho ni ghali. Nunua mkate, matunda na maji supamaketi. Usiku nenda migahawa ya Wahabeshi maeneo ya U Street au Silver Spring, sinia moja la injera, ule mkate wao mpana na laini, linashibisha wawili. Mgahawa wenye mhudumu, weka akilini kodi pamoja na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, Ikulu wanaruhusu kuingia?
Usiiwekee matumaini, ruhusa kwa mgeni ni ngumu. Piga picha nje kisha nenda Bunge la Capitol, ziara ni bure Jumatatu hadi Jumamosi. Usibebe chakula, na chupa iwe tupu. Ukimaliza, kuna njia ya chini ya ardhi inayokutoa hadi Maktaba ya Bunge.

Nina watoto wawili wadogo, watachoka na makumbusho.
Dada, wapeleke bustani ya wanyama ya taifa, bure pia, na kuna panda, wale dubu weusi kwa weupe wa Uchina. Chukua tiketi mtandaoni. Walio chini ya miaka mitano hawalipi Metro.

Vipi sisi Waislamu, msikiti na chakula halali?
Kuna msikiti mkubwa Massachusetts Avenue, umekuwepo tangu 1957. Shuka kituo cha Dupont Circle, kisha panda basi au tembea. Chakula halali kinauzwa hata kwenye magari ya barabarani, lakini muulize muuzaji mwenyewe kuhusu nyama yake.

Naweza kulala New York nije siku moja nirudi?
Basi linachukua muda wa saa nne hadi tano kila upande, foleni ikiwa nzuri. Lala Washington angalau usiku mmoja, ndugu yangu.