Kumlaza tumbili na kumwamsha salama

Haya ni ya madaktari wa mifugo walioanza juzi kazi ya wanyamapori. Kama huna leseni, ishia hapa. Ketamini, dawa ya usingizi, si ya kujaribia.

Pima uzito kwanza. Tumbili ukimkadiria kwa macho utamzidishia, manyoya yanadanganya. Mimi humpima ndani ya kizimba, kisha natoa uzito wa kizimba. Vaa barakoa, maana kifua kikuu chetu kinawaua.

Tuseme ni jike wa kilo 4, kang'atwa na mbwa, anahitaji kushonwa. Nampa ketamini miligramu 5 kwa kilo na medetomidini, dawa ya kutuliza, miligramu 0.05 kwa kilo, bomba moja, msuli wa paja. Kwa chupa za ketamini ya 100 mg/ml na medetomidini ya 1 mg/ml, ni ml 0.2 ya kila moja. Atipamezoli ya kumzindulia, ile ya 5 mg/ml, ni ml 0.2 vilevile. Ivute mapema, bandika jina. Aliyevuja damu nyingi au mwenye mimba simpi medetomidini kabisa.

Kisha kimya! Anaweza kuonekana amelala fofofo, mlango ukabamizwa, akainuka na meno yake yote. Mguse sikio kwa kijiti kabla ya kupeleka mkono.

Macho hubaki wazi, yatie mafuta na uyafunike. Mapigo yatashuka na fizi zitapauka, kwa sababu medetomidini hubana mishipa. Kipimo cha oksijeni nacho hubabaisha, basi hesabu pumzi kwa macho yako. Zima AC. Hata Diani, kwenye joto la pwani ya Kenya, tumbili hupoa juu ya meza ya chuma. Mbega mwinue kichwa, tumbo lake linachachusha majani na hujaa gesi.

Wengi huharibu mwishoni kwa haraka. Atipamezoli hufuta medetomidini tu, ketamini haina kizinduzi. Ukichoma atipamezoli mapema, mnyama anabaki na ketamini peke yake: anakakamaa, anatapatapa, pengine anapata degedege. Ngoja dakika 30 hadi 40 tangu sindano ya kwanza, kisha choma msulini, si mshipani. Inaondoa na utulizaji wa maumivu, kwa hiyo meloksikamu, dawa ya maumivu, itangulie.

Usimwachie mpaka apande na kushika vizuri. Jua likishakaribia kuzama, mlaze kizimbani hadi asubuhi. Kundi lake limeshapanda mitini.