Kuchagua raba za mitumba za kukimbilia: anza na soli

Kila Januari, watu wa kikundi chetu wakianza kujiandaa na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, swali ni lile lile: "Kocha, raba nzuri nitapata wapi?" Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunanunua mitumba, Karume au Tandika, na raba bora nilizowahi kukimbilia zimetoka huko huko. Kwa pesa ile ile, mimi humshauri mtu achukue mtumba halisi mzuri kuliko kopi mpya ya dukani, kwa sababu kopi nyingi zina sponji ngumu kama ubao.

Tatizo la mtumba ni kwamba unapendezeshwa. Muuzaji anaosha, anapaka rangi pembeni mwa soli, anaweka kamba mpya, kiatu kinang'aa. Lakini kinachobeba uzito wako ni ile sponji iliyo kati ya mguu na raba ya chini, na sponji ikishachoka haioshwi ikarudi. Hatua zote zinazofuata ni za kuitafuta hiyo sponji.

Hatua ya 1: Jua kiatu ni cha kazi gani

Raba ya kukimbilia imetengenezwa kwa mwendo wa kwenda mbele. Ukichezea netiboli au mazoezi ya kuruka kushoto na kulia, soli yake nene inaweza kukuteguza kifundo. Kwa michezo hiyo tafuta soli pana iliyo karibu na ardhi. Wa kunyanyua vyuma atafute soli bapa na ngumu.

Hatua ya 2: Pima miguu jioni

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukikimbia. Sasa belo hufunguliwa asubuhi, na vizuri huondoka asubuhi, wakati mguu wako bado mdogo. Ndiyo maana nataka upime nyumbani jioni ya siku iliyotangulia. Weka karatasi ya A4 sakafuni, ukingo wake uguse ukuta, simama kisigino kikiwa kwenye ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine si dole gumba, ni kinachofuata). Pima miguu yote miwili, kisha fuata ule mkubwa. Ongeza sentimita 1. Kata karatasi kwa urefu huo, ikunje, weka mfukoni pamoja na soksi zako za kukimbilia.

Sokoni usihangaike na namba. 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Vuta soli ya ndani, ile inayotoka, ulaze karatasi yako juu yake. Ikiwa karatasi ni ndefu kuliko soli, rudisha kiatu mezani hata kama umekipenda vipi.

Hatua ya 3: Kikague kabla hujakivaa

Hapa usione haya kuchukua muda. Muuzaji atasema, "Kocha, hiyo gredi A, haijavaliwa." Mwambie kwa upole, "Sawa kaka, naomba niitazame," uendelee.

Geuza kiatu uangalie kashata za soli, yaani vile vipande vya raba vya chini vinavyoshika ardhi. Kuisha kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida, karibu kila mtu hutua hapo. Ikiwa pameshakuwa kipara na sponji imeanza kuonekana, kiatu kimemaliza safari yake. Kisha weka viatu vyote viwili juu ya meza iliyonyooka, chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa visigino, uvitazame kwa nyuma. Kikiwa kimeegemea ndani au nje, mwenye nacho wa kwanza alikikunja kwa mwendo wake, na wewe utalazimishwa kutembea kwa mwendo wa mtu usiyemjua. Goti ndilo litakalolipa.

Sasa sponji yenyewe. Tazama pembeni mwa soli: mikunjo midogo mingi iliyolala, kama ya shati lililokaliwa, maana yake imeshalala. Bonyeza kwa dole gumba. Nzuri inabonyea halafu inakusukuma. Iliyochoka ama inagoma kabisa au inabonyea ikabaki hivyo. Shika kisigino na ncha, kunja: kiatu kijikunje pale vidole vya mguu vinapoanzia. Kinachojikunja katikati kama chapati hakina msaada wowote. Kikamue kama nguo, kigome kidogo. Mwisho bana ukuta wa kisigino kwa vidole viwili. Ukuta huo ukilala, kisigino chako kitacheza humo ndani na malengelenge hayataisha.

Hatua ya 4: Ogopa kiatu kipya kilichozeeka

Hili nilijifunza barabarani. Nilinunua raba nyeupe safi, soli haina hata mkwaruzo, nikajiona nimeokota dhahabu. Siku ya tatu, nikiwa mbali na nyumbani, soli ya kulia ikaanza kumeguka vipande kama kashata ya nazi iliyokauka. Nilirudi nikichechemea, na muundi uliniuma wiki nzima.

Sababu ni hii: baadhi ya soli hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewani hata kama kiatu kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa hiyo usafi wa soli hauthibitishi chochote. Kwaruza pembeni kwa ukucha. Ikitoka unga au ikinata, acha. Tazama pia kilebo kilicho ndani ya ulimi, mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa. Kikizidi miaka mitano, mimi sinunui.

Hatua ya 5: Vaa vyote viwili, kimbia

Vaa soksi zako, funga kamba, simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Kimbia hatua ishirini hapo hapo kwenye uchochoro. Kisigino kikipanda, pitisha kamba kwenye matundu ya mwisho yaliyo karibu na kifundo, utengeneze kitanzi kila upande, kisha pitisha kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili uvute. Kikiendelea kupwaya, si chako.

Wenye nyayo bapa huniuliza wachukue aina gani. Zamani nilikuwa nawalowesha miguu na kusoma alama sakafuni. Nimeacha. Jeshi la Marekani liliwajaribu makuruta wake, wengine wakapewa viatu kulingana na umbo la unyayo na wengine wote aina moja, na majeraha hayakupungua. Sikiliza mguu wako: kisichokukera tangu hatua ya kwanza ndicho.

Ila mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, tafadhali, usinunue mtumba. Mguu hautakuambia kitu kikikuchubua, na kidonda kidogo kinaweza kukugharimu mguu. Muulize daktari wako kwanza.

Hatua ya 6: Kitunze na ukihesabu

Osha kwa mkono, maji ya baridi na sabuni kidogo, jaza karatasi ndani, anika kivulini. Jua kali hukausha gundi. Usivae raba za mazoezi kwenda kazini. Ukiweza kuwa na jozi mbili, zipokezane.

Raba mpya ya kukimbilia huhesabiwa kudumu kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba ipe 300, kisha uikague upya kwa Hatua ya 3. Anayekimbia kilomita 20 kwa wiki atafika hapo baada ya wiki 15. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya ulimi wa kiatu, siku hiyo hiyo, kabla hujatoka nacho barabarani.