Kutafuta dawa ya maumivu ndani ya sumu ya tarantula

Sumu ya tarantula mmoja ina peptidi nyingi (vipande vifupi vya protini), kila moja na kazi yake. Anayetafuta dawa anataka moja tu, safi na iliyokunjwa ipasavyo.

Anza na ukamuaji. Mlaze buibui usingizi kwa gesi ya kabonidayoksaidi, tegesha chonge zake kwenye ukingo wa kichupa, kisha gusa sehemu ya juu ya chonge kwa umeme wa volti 10 hadi 20, mapigo mafupi. Macho yako yawe mdomoni mwake pia, kwa sababu umeme huohuo humtapisha, na majimaji ya tumbo yana vimeng'enya vinavyokatakata peptidi. Tone likichafuka, mwaga, hata kama ndilo pekee ulilopata. Lililo safi ligandishe papo hapo, likaushe, lihifadhi kwenye nyuzi -20 au chini zaidi. Mwache mnyama apumzike mwezi mzima.

Yeyusha miligramu 1 ya sumu kavu katika maji yenye asidi ya trifluoroasetiki asilimia 0.1, zungusha kwenye mashine ya kutenganisha ili mashapo yatuame, halafu pitisha kwenye safu ya kromatografia ya C18, inayotenganisha peptidi moja na nyingine, huku ukipandisha kiyeyushi cha asetonitrili polepole, asilimia 5 hadi 50 kwa dakika 60. Pima mwanga wa nanomita 214 unaofyonzwa; peptidi inayotoka huonekana kama kilele kwenye grafu. Kila kilele kiingie kichupa chake.

Sasa pima uzito wa kila kilele. Peptidi nyingi zitaangukia daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 3,000 hadi 5,000, zikiwa na madaraja matatu ya salfa yanayozifanya zistahimili joto na vimeng'enya. Ukikokotoa uzito kutokana na mfuatano wa asidi amino, toa daltoni 6, kwani kila daraja hupoteza hidrojeni mbili. Bado umezidi kwa daltoni 1? Huenda mkia wa peptidi una amidi, kikundi chenye nitrojeni badala ya asidi ya kawaida. Usiidharau: huwentoxin-IV, peptidi ya tarantula, hudhoofika sana ikitengenezwa bila amidi hiyo.

Jaribu peptidi kwenye seli zilizopandikizwa chaneli ya sodiamu Nav1.7, mlango wa seli za neva unaosaidia kupeleka ishara za maumivu. Mwaka 2006 ilithibitika kwamba watu wasio na chaneli hii inayofanya kazi hawahisi maumivu kabisa, ndiyo maana inawindwa hivi. ProTx-II, peptidi ya tarantula Thrixopelma pruriens, huiziba kwa kiasi cha chini ya nanomola 1 (kipimo cha mkolezo mdogo mno). Peptidi yako ikionekana dhaifu, usiitupe bado. Hunata kwenye plastiki, hivyo kinachofika kwenye seli ni kidogo kuliko ulichoandika daftarini. Ongeza albumini, protini inayonata kwenye plastiki badala yake, asilimia 0.1 na urudie.

Siku hiyohiyo ijaribu kwenye chaneli nyingine za sodiamu, Nav1.5 ya moyo na Nav1.4 ya misuli. Ikiziba hizo kwa kiwango kilekile, badilisha asidi amino mojamoja kabla ya kufikiria mnyama wa majaribio, maana itasimamisha pumzi kabla ya kutuliza maumivu.